Mlango wa Mahakama Umefunguliwa: Nani Atamsindikiza Mnyonge?

Ndugu waumini, na hasa ninyi viongozi wa walei ambao watu huwagongea mlango na matatizo yao kabla hawajayapeleka kwingine kokote,

Katika miaka ya karibuni Bunge letu limepitisha mabadiliko kadhaa ya sheria yanayohusu mahakama na kazi ya mawakili. Mabadiliko hayo hayakupigiwa ngoma. Mengi yalikuja ndani ya ile miswada iitwayo ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambamo sheria nyingi zisizo na uhusiano hufungwa katika furushi moja na kupitishwa kwa pamoja. Mfanyabiashara mkubwa wa Mtaa wa Kongo alielezwa na wakili wake ni nini kilichobadilika. Mpagazi anayemsukumia mkokoteni hakuelezwa na mtu yeyote. Sisi tunaandika kwa ajili ya huyu wa pili, na kwa ajili ya mama lishe, mchuuzi, mjane na mpangaji, ambao pia ni waumini wetu na majirani zetu katika mitaa hii ya katikati ya jiji.

Neno letu ni hili: mabadiliko hayo kwa sehemu kubwa ni mema, lakini jema lililotolewa nusu laweza kumdhuru yule lililokusudiwa kumsaidia. Mlango wa mahakama umefunguliwa upana zaidi kuliko zamani. Mwenye fedha amekwisha kuingia pamoja na msemaji wake. Mnyonge bado amesimama kizingitini, peke yake.

MAMBO MANNE YALIYOBADILIKA

La kwanza ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo iliweka utaratibu wa kuwasajili watoaji wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, na kwa mara ya kwanza ikamtambua rasmi msaidizi wa kisheria, yaani mtu aliyepata mafunzo ya msingi ya sheria ingawa si wakili. Huyu huwaeleza watu haki zao, huwasaidia kujua waende wapi, na huwapatanisha panapowezekana. Haruhusiwi kudai malipo kwa kazi hiyo, wala kusimama mahakamani badala ya wakili.

La pili ni lugha. Mnamo Februari 2021 Bunge liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na kutamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi na ndicho lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vyote vinavyotoa haki. Kiingereza kikabaki kutumika pale ambapo kutenda haki kunahitaji hivyo, na mwaka 2022 zikatungwa kanuni za kueleza ni katika mazingira gani. Wengi wetu tunakumbuka kwamba siku chache kabla ya hapo, katika Siku ya Sheria huko Dodoma, tarehe 1 Februari 2021, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zepharine Galeba kwa kuandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, na akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani.

La tatu ni mawakili katika Mahakama za Mwanzo. Kwa miaka mingi sheria ilikataza wakili kusimama kwa niaba ya mtu katika mahakama hizo. Mwaka huohuo wa 2021 Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilirekebishwa, na sasa wakili aweza kumwakilisha mteja wake katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi.

La nne ni Mabaraza ya Kata. Hayo nayo yaliguswa mwaka 2021. Mamlaka yake ya kuamua migogoro ya ardhi yaliondolewa, yakabakiziwa kazi ya kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, mtu huelekezwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kila moja kati ya mambo haya lina sababu yake njema. Lakini mtu wa kawaida hakutani nayo moja moja. Hukutana nayo yote kwa pamoja, siku ile anapoitwa shaurini. Ndiyo maana tunayatazama kwa pamoja, na tutakaa zaidi juu ya lile la tatu, maana ndilo lenye mwiba.

KWA NINI MAWAKILI WALIZUIWA

Vijana wetu waliosoma huuliza: ilikuwaje nchi huru ikamkataza raia kuwa na wakili? Swali ni la haki, na yafaa lijibiwe kwa historia.

Wakati wa ukoloni palikuwa na mahakama za wenyeji na mahakama za wengine. Mwafrika alipelekwa kwa liwali au kwa chifu, na wakili hakuruhusiwa kuingia huko. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilivunja ubaguzi huo na kuunganisha mahakama zote katika ngazi moja, Mahakama ya Mwanzo ikiwa ya chini kabisa. Sheria hiyo iliandikwa upya mwaka 1984, lakini katazo juu ya mawakili likabaki.

Lilibaki kwa sababu zilizokuwa na maana. Mahakama ya Mwanzo ilikusudiwa kuwa mahakama ya jirani. Lugha yake ilikuwa Kiswahili tangu mwanzo. Hakimu alikaa pamoja na wazee wa mahakama, watu waliojua mila na mwenendo wa mahali pale. Kanuni zake za ushahidi zilitungwa peke yake, zikawa fupi na nyepesi, ili mtu asiye na elimu ya sheria aweze kusema lililomsibu na kusikilizwa. Mahakimu wenyewe wengi hawakuwa na shahada ya sheria. Ilihofiwa kwamba akiingia wakili, atamfunika hakimu kwa vifungu, na atamnyamazisha yule wa upande wa pili ambaye hana wa kumsemea.

Nyakati zimebadilika. Siku hizi wako mahakimu wakazi, wenye shahada ya sheria, wanaoongoza Mahakama za Mwanzo. Tena mashauri yanayofikishwa huko si ya kuku na mbuzi tu. Ni mikopo na mizigo ya mamilioni ya shilingi, ndoa na matunzo ya watoto, na mirathi yenye nyumba ndani yake. Katiba nayo, katika Ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Hivyo waliodai kwamba katazo lile limepitwa na wakati walikuwa na hoja, nasi hatuombi lirudishwe.

Tunachosema ni kwamba katazo lile, pamoja na ubaya wake, lilikuwa ukuta uliowazuia wote. Ukuta umebomolewa, na hilo ni sawa. Lakini ukuta ukibomolewa upande mmoja tu, anayepata nafuu ni yule aliyekuwa tayari upande huo.

NYUMBA YA URITHI

Tuchukue mfano ambao mtu yeyote aliyekaa Kariakoo ataufahamu.

Mzee alijenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, katika mmojawapo wa mitaa yetu. Alilea watoto wake humo, akapangisha vyumba viwili vya mbele. Mzee akafariki. Mjane na watoto wakaendelea kukaa, na hakuna aliyefungua mirathi, kwa kuwa hapakuwa na ugomvi. Miaka ikapita. Pembeni mwa nyumba ile yakaota maghorofa, chini maduka, juu ghala. Kiwanja kile kidogo kikawa na thamani ambayo mzee hakuiota.

Ndipo anapotokea mnunuzi. Haji kwa mjane. Huenda kwa mtoto mmoja mwenye shida, au kwa ndugu wa marehemu aliyekaa mbali miaka yote. Ndugu huyo anafungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, anaomba awe msimamizi, na pembeni yake amesimama wakili ambaye hakulipwa naye. Mjane anapata habari kwa jirani. Anakwenda mahakamani na kitenge chake na cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Wakili anajua kwamba pingamizi dhidi ya mwombaji hutolewa kabla msimamizi hajateuliwa, mjane hajui. Wakili anajua kwamba msimamizi akishateuliwa anapaswa kuleta mahakamani orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Mjane anadhani msimamizi ndiye mwenye mali. Wakili anajua kwamba asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo anazo siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Wilaya. Mjane anakwenda kwanza kwa ndugu, kisha kwa mjumbe, kisha kwa kiongozi wa jumuiya, na anapofika mahakamani siku 30 zimekwisha kupita.

Tutambue vizuri kwamba katika mfano huu huenda hakuna aliyevunja sheria. Hakimu hakupokea rushwa. Wakili ametimiza wajibu wake kwa mteja wake. Taratibu zote zimefuatwa, na mjane ametoka nyumbani kwake. Huo ndio udhalimu mgumu kuliko wote kuupinga, kwa sababu hauna mtu wa kunyooshewa kidole.

Wala jambo hili si la mirathi peke yake. Mama lishe aliyewakopesha chakula wapakuzi wa ghala fulani kwa miezi mitatu, akiandika katika daftari, naye anayo madai ya haki. Daftari lile ni ushahidi, na wapakuzi wale ni mashahidi. Lakini akikutana na wakili anayemhoji kwa nini kila ukurasa hauna sahihi, atababaika, ataomba radhi, na ataacha fedha yake.

LUGHA PEKE YAKE HAITOSHI

Wapo watakaotuambia: si sheria sasa ni ya Kiswahili? Mama huyo anashindwa nini kuelewa?

Tunaishukuru sheria ile ya mwaka 2021 kwa dhati. Kabla yake mtu aliweza kutoa ushahidi kwa Kiswahili katika Mahakama ya Wilaya, hakimu akauandika kwa Kiingereza, kisha akapewa hukumu ambayo hakuweza kuisoma. Alijua kama ameshinda au ameshindwa kwa kutazama uso wa wakili. Miswada ilijadiliwa bungeni kwa Kiswahili, lakini sheria yenyewe ikaandikwa kwa Kiingereza, kana kwamba iliandikiwa watu wengine. Kuliondoa jambo hilo ni kumrudishia raia heshima yake.

Hata hivyo, hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zimeendelea kuandikwa kwa Kiingereza baada ya mwaka 2021, na kazi ya kutafsiri sheria za miaka yote ni ndefu. Hata pale ambapo Kiswahili kinatumika, kuna Kiswahili cha sokoni na kuna Kiswahili cha mahakamani. Mdai, mdaiwa, mjibu rufani, pingamizi la awali, hukumu ya upande mmoja: haya yote ni maneno ya Kiswahili, na msemaji wa Kiswahili tangu utotoni aweza kuyasikia asielewe limempata jambo gani. Kuambiwa sheria kwa lugha yako ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuwa na mtu wa kukueleza inakutaka ufanye nini, na lini.

Pengo hilo likiachwa wazi, huzibwa na vishoka. Tunawajua. Hukaa karibu na ofisi na mahakama wakiwa na mkoba na muhuri, hujiita mawakili, huandika barua na madai kwa malipo, na shauri likiharibika hawaonekani. Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye wakili kufanya kazi hiyo. Lakini kishoka huzaliwa na haja ya watu. Atakuwapo maadamu mnyonge hana pengine pa kwenda.

TUNAYOYADAI

Katiba yetu haikunyamaza juu ya jambo hili. Ibara ya 107A, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama kutenda haki kwa wote bila ya kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi, na kutofungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka. Tukisimama juu ya msingi huo, tunadai yafuatayo.

Kwa Serikali: msaada wa kisheria uwepo palepale shauri linapofunguliwa. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, iliwafuata watu mikoani, na wengi walifarijika. Lakini kampeni hupita, na shauri huendelea. Mtu aliyeelezwa haki zake mwezi huu chini ya hema, mwezi ujao ataitwa mahakamani na hema haliko. Kila Mahakama ya Mwanzo katika jiji hili inahitaji meza moja, msaidizi wa kisheria mmoja aliyesajiliwa, na siku zinazojulikana.

Kwa mahakimu: upande mmoja unapokuja na wakili na mwingine ukiwa mtupu, yule asiye na wakili aambiwe waziwazi kwamba msaada wa kisheria upo, na apewe nafasi ya kuutafuta. Hakimu atakayefanya hivyo hatakuwa amempendelea mtu. Atakuwa ameisawazisha mizani kabla ya kuanza kupima.

Kwa mawakili na chama chao, Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichokuwapo tangu mwaka 1954: mmefunguliwa uwanja mpya wa kazi. Pamoja na kazi, pokeeni na mzigo wake. Wakili anayeingia Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya wenye uwezo, na atenge siku ya kuingia kwa ajili ya wasio nao.

TUNAYOWEZA KUFANYA WENYEWE

Lakini tusiwe watu wa kudai tu. Parokia zetu za mjini zina wanasheria wanaosali nasi kila Jumapili. Wako wastaafu wa mahakama. Wako vijana wanaosoma sheria. Ni wangapi kati yao tumewahi kuwaomba saa mbili za juma? Tunao ukumbi unaokaa bure Jumamosi mchana. Tunazo jumuiya ndogondogo zinazomfahamu kila mjane kwa jina. Parokia ikichagua watu wawili, mwanamke na mwanamume, wakapata mafunzo na kusajiliwa kuwa wasaidizi wa kisheria kama sheria ya mwaka 2017 inavyoelekeza, hilo halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Na kabla hata ya hayo, kila kiongozi wa jumuiya aweza kuwafundisha watu wake mambo machache ambayo hayagharimu kitu:

Maandishi yatunzwe: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, mkataba wa pango, daftari la mikopo, risiti. Makubaliano yoyote ya fedha yawe na shahidi.

Mirathi ifunguliwe mapema, wakati familia bado inapatana, si wakati mnunuzi amekwisha kufika mlangoni.

Mtu akiitwa mahakamani, aende. Asiyefika bila sababu huenda akaamuliwa shauri lake asipokuwapo.

Asichokielewa amwombe hakimu amweleze. Kuuliza si utovu wa adabu.

Asiporidhika na uamuzi, azihesabu siku 30 tangu siku hiyohiyo, wala asingoje kikao cha ukoo.

Asimlipe mtu anayejiita wakili kabla ya kuhakikisha kwamba jina lake limo katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama.

HITIMISHO

Injili ya Luka, katika sura ya 18, inatueleza habari za mjane aliyemrudia kadhi dhalimu mara nyingi hata akapewa haki yake. Tumezoea kuhubiri juu ya uvumilivu wa mjane yule. Mara chache tunajiuliza: majirani zake walikuwa wapi? Mbona kila siku alikwenda peke yake?

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sheria mpya zimesema haki hiyo ipo, na zimeisema kwa Kiswahili. Asubuhi atakapotoka mjane wa Kariakoo na cheti chake kilichokunjwa kuelekea mahakamani, iwe aibu kwetu sote kama hakutakuwa na mtu wa kumsindikiza.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Je, katika mtaa wetu kuna familia inayoishi katika nyumba ya urithi ambayo mirathi yake haijafunguliwa? Tutazungumza nayo lini, na nani atakwenda?

2. Ni nani katika parokia yetu mwenye ujuzi wa sheria, na ni nani atakayemwendea kumwomba msaada?

3. Ni watu gani wawili ambao jumuiya yetu ingewapendekeza kupata mafunzo ya usaidizi wa kisheria?